Piga hesabu ya maji kwanza: kupiga picha pwani wakati mwanga na bahari havieleweki

Watu wengi wakitaka kwenda kupiga picha baharini wanaangalia kitu kimoja tu, jua linazama saa ngapi, basi. Wanabeba kamera, wanafika nusu saa kabla, wanakuta ule mwamba waliouona juzi umekaa vizuri juu ya mchanga leo umezama wote kimebaki kichwa tu kinapigwa na mawimbi, au kinyume chake, maji yamekimbia huko mbali yamebaki matope na mwani umelala kama nguo chafu. Alafu wanarudi nyumbani wanasema leo mwanga ulikuwa mbaya. Mwanga haukuwa mbaya bana, maji ndo hayakuwa mahali pake.

Mi nilipiga hivyo kama miaka miwili kabla sijastuka. Siku hizi napanga kwa maji, mwanga napokea utakaokuja, maana maji unaweza kuyajua mwezi mzima kabla, dakika na sentimita, ila mwanga huwezi kuujua hata lisaa limoja kabla. Sasa kwa nini upange safari nzima kwa kile usichokijua wakati unachokijua kipo kwenye simu yako?

Kuyasoma maji

Sehemu nyingi duniani bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama masaa 12 na dakika 25, na hizo dakika 25 ndo zinazopoteza watu, kwasababu zikijumlishwa mara mbili ratiba inachelewa kama dakika 50 kila siku. Yani maji uliyoyakuta leo saa kumi jioni, kesho utayakuta karibu saa kumi na moja. Sio kila pwani iko hivyo lakini, sehemu kubwa ya Ghuba ya Meksiko maji yanajaa mara moja tu kwa siku, Mediterania sehemu nyingi hayapandi wala kushuka kiasi cha kukusumbua, wakati kule Bay of Fundy, Kanada, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika mita 16, hiyo ni ghorofa tano za maji. Kwahiyo kabla ya yote ujue pwani unayoendea ni ya aina gani.

Alafu kuna bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, siku moja au mbili baadae unapata bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu vinavutana pembeni, unapata maji mafu, hayapandi sana hayashuki sana. Hili wavuvi wanalijua tangu utotoni, wapiga picha ndo tunalikuta kwenye programu tukadhani ni siri mpya.

Sasa kitu ambacho kilinibadilishia upigaji wangu kabisa ni hiki, na sioni watu wakikisema sana: kwenye pwani moja, bamvua zote zinakupwa karibu saa zilezile. Kama kwenye ufukwe wako bamvua ya mwezi huu inakupwa saa sita mchana, ya wiki mbili zijazo itakupwa kwenye saa sita hivihivi, na ya mwakani pia hapohapo. Maana yake ni kwamba kwenye ufukwe huo siku za bamvua jua likizama maji yamejaa, kila mara. Ukitaka jua linazama na maji yamekupwa inabidi usubiri wiki moja mpaka maji mafu, ndo ratiba imesogea kama masaa sita, ila maji yenyewe hayatashuka chini kama siku ya bamvua. Na kama ile miamba ya chini kabisa inaonekana kwenye bamvua peke yake, basi elewa kwamba hapo hutoipata na jua la machweo hata ukienda mwaka mzima, itafute na jua la mchana au hamia pwani nyingine ambayo saa zake ziko tofauti. Mi nilienda sehemu moja jioni nane hivi nikitafuta mwamba ambao hesabu inasema haiwezekani. Jioni nane.

Fungua ratiba ya maji ya mwezi mzima, sio ya leo, tafuta siku ambazo maji unayoyataka yanaangukia macheo au machweo, weka alama kwenye kalenda. Utakuta zipo siku tatu nne kila baada ya wiki mbili. Angalia pia ratiba imeandikwa kwa saa za wapi na kwa bandari gani, maana kuna ratiba zinatumia saa za kimataifa (UTC), sio za kwenu, na hazikwambii mpaka ukasome maandishi madogo chini, na bandari ikiwa mbali kidogo na ufukwe wako, hasa kama kuna ghuba au mdomo wa mto katikati, maji yanaweza kupishana kwa nusu saa na zaidi. Njia nzuri ni kwenda siku moja bila presha, kaa uangalie maji yamesimama saa ngapi, linganisha na ratiba, andika tofauti. Hiyo tofauti utaitumia miaka.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja

Kuna hesabu ya mabaharia ya kugawa kwa kumi na mbili. Chukua tofauti ya kupwa na kujaa, igawe mafungu 12. Lisaa la kwanza maji yanapanda fungu moja, la pili mawili, la tatu matatu, la nne matatu, la tano mawili, la sita moja. Tuseme tofauti ni mita 3, basi lisaa la kwanza yanapanda sentimita 25, unajisemea mbona taratibu, la pili 50, alafu la tatu na la nne yanapanda 75 kila moja. Na kama ufukwe ni tambarare, umeinuka mita moja kwa kila mita mia, hizo sentimita 75 ni mita 75 za mchanga zimeliwa ndani ya lisaa. Ndo maana mtu anaambiwa maji yanarudi anaangalia anaona bado mbali, anaendelea kupiga, akigeuka nyuma amezungukwa.

Yalinikuta. Nilikuwa juu ya mwamba uliotenganishwa na ufukwe na kidimbwi cha maji ya kifundo cha mguu, nimekuja wakati yanakupwa nikaona hamna shida, mwanga ukawa unabadilika badilika kila dakika nikanogewa, kuja kustuka maji yameshageuka muda mrefu na kile kidimbwi kimekuwa mfereji una mkondo. Nilivuka maji ya kiunoni begi nimeliweka kichwani, lenzi moja ikaingia chumvi na haijapona mpaka leo. Toka siku hiyo nina alarm mbili kwenye simu, ya kwanza inalia nusu saa kabla maji hayajaanza kurudi, ya pili inalia yakianza, na ya pili haina mjadala, inalia natoka hata mbingu iwe inawaka.

Na ratiba sio ahadi. Ile ni hesabu ya mwezi na jua, haijui hali ya hewa ya siku hiyo. Mgandamizo wa hewa ukishuka, bahari inapanda kama sentimita moja kwa kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa), upepo ukisukuma maji kuja nchi kavu yanapanda tena juu ya hapo. Siku ya dhoruba ratiba ikisema mita 3 we jiandae kwa zaidi. Mawimbi pia yana hesabu yake, kwenye utabiri usiangalie urefu tu, angalia na muda kati ya wimbi na wimbi, mawimbi ya mita moja na nusu yanayopishana sekunde 6 ni ya kawaida, ya urefu huohuo yakipishana sekunde 14 yanakuja na nguvu nyingine kabisa, yanapanda ufukweni mbali kuliko unavyotegemea.

Ndo maana kabla ya kushuka kwenye miamba nakaa juu dakika kumi na tano mpaka ishirini naangalia tu, sipigi kitu. Mawimbi yanakuja kwa mafungu, dakika kadhaa madogo madogo alafu yanakuja matatu manne makubwa kwa mpigo, sasa ukifika wakati wa madogo utadhani ndo hali yenyewe. Mwamba uliolowa juu maana yake maji yanafika hapo. Mwamba wa kijani au mweusi unaong'aa ni utelezi, ukanyage tu kama huna njia nyingine. Na usiipe bahari mgongo, hata ukiwa unabadilisha lenzi, geuka ubadilishe ukiwa unaiangalia.

Maji gani kwa picha gani

Mi napenda maji yanayokupwa kuliko yanayojaa, kwanza kwasababu kila dakika inayopita unakuwa salama zaidi, pili yanakuachia mchanga msafi hauna nyayo za mtu, umelowa unang'aa kama kioo. Ukianza katikati ya kupwa unaweza kuyafuata maji yanavyoshuka, kila baada ya dakika kumi kuna jiwe jipya limetokeza, kuna kidimbwi kipya kimebaki na kipande cha mbingu ndani yake.

Maji yakikupwa kabisa mambo yanakuwa mengi mno, mwani, matope, mawe madogo kila kona, picha inakosa pa kupumzika. Hapo sogea karibu, piga vidimbwi, piga mikunjo ya mchanga na jua la pembeni, achana na mandhari pana. Au kama ni mchana na maji ni safi panda sehemu ya juu, funga polaraiza, ile filta ya kukata mng'ao, upige michoro ya mchanga na miamba iliyo chini ya maji, saa za katikati ya mchana ambazo wengine wamelala ndo rangi hiyo inatoka vizuri.

Maji yaliyojaa yanafunika takataka zote. Ufukwe ambao chini ni vurugu, maji yakijaa unabaki na mwamba mmoja, mti mmoja, nguzo za gati la zamani, vitu vichache vimesimama peke yake. Watu wanadharau maji yaliyojaa ila kwa picha tulivu za kuacha shata (kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) wazi muda mrefu hayana mpinzani, ilimradi unapiga kutoka sehemu ya juu ambayo wimbi halikufikii.

Mwanga sasa

Huu huwezi kuupanga, unaweza tu kujiweka sehemu ambayo ukija utakukuta. Ila kuna dalili. Usiangalie mawingu ya juu yako, angalia kule jua linakotokea au kuzamia. Kama mbingu yote imefunikwa lakini kule chini kabisa kwenye upeo wa macho kuna mstari mweupe wazi, kaa, usiondoke kabisa, jua likifika kwenye ule mstari litapita chini ya mawingu liyapake rangi kwa chini na hapo ndo zinapigwa zile picha watu wanadhani umezidisha rangi kwenye kompyuta. Kama mstari haupo na wingu zito limegusa maji, mara nyingi hamna kitu kitatokea, ila mi bado nakaa maana bahari ya kijivu chini ya mbingu ya kijivu na shata ya sekunde 30 ni picha nzuri sana ya nyeusi na nyeupe.

Muda unaopewa unategemea uko wapi duniani. Jua linasogea nyuzi 15 kwa lisaa, yani nyuzi moja kila dakika 4. Karibu na ikweta linashuka karibu wima, kwahiyo kutoka likiwa nyuzi 6 juu ya maji mpaka linazama ni kama dakika 24, alafu kutoka hapo mpaka giza la kukufanya uwashe tochi ni kama dakika 20 na kitu. Basi, imeisha. Kule kaskazini au kusini ya mbali linashuka kwa mshazari, mwanga huohuo unakaa lisaa na zaidi, na watu wa huko wakiandika maelekezo wanasema usiwe na haraka. We kama uko ikweta kuwa na haraka. Fika lisaa limoja kabla, chagua picha zako mbili, sio kumi, fremu ziwe tayari kichwani, maana ule mwanga ukija hutopata muda wa kuzunguka ukitafuta jiwe zuri.

Jua likishazama usikunje vitu. Dakika kumi mpaka kumi na tano baadae mawingu ya juu yanaweza kuwaka upya kwasababu yale bado yanaliona jua ambalo we huoni. Na geuka nyuma. Nimeshaona foleni ya watu na kamera zao wote wameangalia machweo ya kawaida kabisa, nyuma yao mbingu imekuwa ya zambarau juu ya miamba na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Siku za mvua za vipindi ndo siku bora kuliko zote kama una moyo. Mvua inapita, jua linachomoza dakika mbili, linafichwa tena. Upinde wa mvua unautafuta upande ulio mkabala na jua, na lazima jua liwe chini ya nyuzi 42, kwahiyo ni asubuhi na alasiri kwenda jioni, mchana wa utosi usisumbuke. Ukisikia radi ondoka, we na tripodi ndo vitu virefu kuliko vyote hapo ufukweni, hilo halina ujasiri.

Kamera iwekeje

Anza na ISO, yani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 100, na apacha, yani tundu la lenzi, f/8 mpaka f/11, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Usikimbilie f/22 ukidhani kila kitu kitakuwa kikali, kwenye tundu dogo hivyo mwanga unatawanyika na picha yote inalegea kidogo. Lenzi ya milimita 16 kwenye sensa kubwa (full frame), ukiwa f/11, ukiweka fokasi, yani pale lenzi inapolenga ukali, kama sentimita 80 mbele yako basi kila kitu kuanzia sentimita 40 hivi mpaka mwisho wa dunia kiko sawa, sasa f/22 ya nini? Kwa milimita 24 weka fokasi mita moja na robo tatu hivi. Ukishaweka hamishia kwenye manyua, yani fokasi ya mkono, isibadilike, maana giza likianza kuingia kamera inaanza kutafuta tafuta fokasi kwenye povu na inakosa.

Piga RAW, yani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Linda sehemu angavu, yani washa ile alama inayomweka kwenye sehemu zilizoungua, zilizobaki nyeupe tupu, na usiangalie mbingu peke yake, povu la wimbi nalo linaungua haraka sana kuliko unavyodhani na likiungua halirudi. Kivuli utakiinua baadae.

Shata ndo inayoamua bahari yako ina tabia gani. Ukitaka wimbi ligande na matone yahesabike ni sehemu ya 500 ya sekunde kwenda juu, ongeza ISO bila aibu. Sekunde 30 na zaidi maji yanakuwa ukungu, ni nzuri ila kila mtu anayo. Mi ninayoipenda iko katikati, robo sekunde mpaka sekunde moja, hapo maji yanabaki na mistari, unaona yalikotoka na yanakokwenda. Siri yake ni lini unabonyeza. Wimbi likiwa linakuja linakupa fujo nyeupe, subiri lipande, lisimame, na ile dakika linaanza kurudi baharini linavuta povu kuzunguka mawe ndo unabonyeza, ile mistari yote itaelekea ndani ya picha. Piga thelathini utabaki na mbili, hilo ni la kawaida kabisa, hakuna wimbi linalofanana na lililopita.

Mwanga ukiwa mwingi kwa spidi hizo ndo filta zinaingia. ND ni kioo cheusi cha kupunguza mwanga, na kila stopu moja inaukata nusu. Ya stopu 3 inakata mwanga mara 8, ya 6 mara 64, ya 10 mara kama elfu moja. Piga picha ya majaribio bila filta, tuseme imekuja vizuri kwa sehemu ya 30 ya sekunde, ukivaa ya stopu 6 ni kama sekunde 2, ukivaa ya 10 ni kama sekunde 33. Ukiniambia ninunue moja tu nitakwambia ya 6, ya 10 inataka mwanga uliotulia na hapa hatuna. Tatizo la kuacha shata wazi muda mrefu kwenye mwanga unaobadilika ni kwamba hesabu uliyofanya inaishi dakika moja tu, jua likitoka wingu katikati ya ekspoja, yani shata bado iko wazi, mbingu imeungua. Tumia modi ya balbu (Bulb), ile ambayo shata inakaa wazi mpaka uifunge mwenyewe, kaa na rimoti mkononi, angalia mbingu sio skrini, jua likichomoza funga mapema, likifichwa ongeza. Na machweo yakishapita kumbuka mwanga unapungua wakati shata iko wazi, kwahiyo hesabu ikisema dakika 2 mi naipa 3.

Polaraiza ni nzuri ila ina mambo mawili. Inafanya kazi zaidi ukiwa umeelekea pembeni ya jua, nyuzi 90, na kwenye lenzi pana inakuachia doa jeusi la bluu katikati ya mbingu ambalo kulifuta ni kazi. La pili, inaua kioo. Ule mchanga uliolowa unaoakisi mawingu, ukizungusha polaraiza vibaya unapotea wote na ulichofuata ni hicho. Mchanga wa kioo, vua polaraiza, shusha kamera chini karibu na magoti, subiri wimbi lirudi, una sekunde tatu nne maji hayajanyonywa.

Wa simu pia mnaweza, sana tu. Bonyeza kwa muda kwenye sehemu angavu ya mbingu mpaka ifunge mwanga na fokasi, shusha mwanga kidogo kwa kidole, piga. Simu nyingi zina modi ya kulainisha maji, iegemeze kwenye jiwe au kistendi na tumia taima ya sekunde 3 usiitikise. Futa lenzi kwanza, ukungu wa chumvi kwenye simu ndo sababu ya nusu ya picha za bahari zinazoonekana kama zimepigwa kupitia nailoni.

Tripodi, mchanga, chumvi

Tripodi ikisimama juu ya mchanga uliolowa itazama, sio labda, itazama. Wimbi likirudi linachota mchanga kuzunguka miguu na katikati ya ekspoja yako picha inashuka milimita mbili. Isukume kwa nguvu mpaka igome ndo uweke fremu, na wimbi likishagusa miguu hakikisha upeo wa macho tena. Ukiingia nayo majini vuta kwanza kile kipande cha chini kabisa, chembamba, ili viungo vya kufungia vibaki juu ya maji, mchanga ukiingia kwenye kiungo utasaga kila ukifungua. Upepo mkali usiinue nguzo ya katikati, na begi ukilitundika kama uzito liguse chini, likining'inia linabembea na kutikisa kila kitu.

Vitambaa vya lenzi beba vitano sita kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, kimoja kikishalowa chumvi kinapaka tu hakifuti. Pulizia kwanza, alafu kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, alafu kikavu. Ukisugua kavu moja kwa moja unasugua mchanga kwenye kioo. Lenzi usibadilishe ufukweni kama upepo unatoka baharini. Na kama umetoka chumba chenye kiyoyozi iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi izoee joto, ukiitoa hapohapo inajaa jasho na dakika zako 24 unazitumia kufuta.

Ukirudi nyumbani, hata kama umechoka vipi, tripodi iende chini ya maji ya bomba usiku huohuo, fungua kila kiungo, iache imefunguliwa mpaka ikauke. Kamera ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, hasa kuzunguka vitufe na kiatu cha fleshi, pale juu inapochomekwa fleshi.

Kwenye kuhariri kuna moja tu la bahari: ukiunganisha picha mbili za ekspoja tofauti, mawimbi hayatalingana, utapata mizimu ya povu. Chukua maji yote kutoka picha moja na mbingu kutoka nyingine, usiiachie programu iamue. Na nyoosha upeo wa macho, bahari iliyopinda inaonekana inamwagika.

Alafu kabla hujalala andika kwenye daftari au kwenye simu: tarehe, maji yalikuwa mita ngapi, saa ngapi, mwamba gani ulikuwa nje, wimbi lilifika wapi. Maji ya namna ileile saa ileile yanarudi baada ya siku 14 au 15, ukikosa mwanga leo unajua lini urudi. Mi juzi nilipata mawingu matupu, maji yalikuwa mahali pake kabisa, nimeshahesabu, yanaangukia Jumanne ya wiki ya kesho kutwa na alarm nimeweka saa kumi kasorobo usiku.